WAKILI AKILA FEDHA YA MTEJA, TUMSITIRI?



Ndugu zangu wa Tanga, Pangani, Muheza na popote mlipo. Chukulia mjane amelipwa fidia ya ajali iliyomuua mumewe, na fedha imepitia kwa wakili. Kila akipiga simu anaambiwa, "Njoo wiki ijayo mama." Miezi inapita, mayatima hawana ada. Akitaka kushtaki, wazee wanamzuia: "Yule mtoto wetu, tunaswali naye safu ya mbele. Msitiri."

Hapo tunakosea. Sitara ni kwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake. Haki ya mtu hairudi kwa kusitiriwa, na toba ya dhuluma haitimii mpaka mali ifike kwa mwenyewe.

Wengine hujitetea: "Sikuiba, niliazima tu, nitarudisha." Nani alikupa idhini? Mafakihi wameeleza: aliyewekewa amana halipi ikipotea bila uzembe wake, lakini akiitumia bila ruhusa, dhamana ni juu yake, hata kama alinuia kurudisha. Ndiyo maana wakili mwema hutenga akaunti ya wateja mbali na ya ofisi yake.

Mtazameni Mtume wetu (s.a.w.). Wakati wa Hijra, Makuraishi wanataka kumuua, na amana zao ziko kwake. Alimwacha Ali (r.a.) Makka azirudishe. Hizo ni amana za maadui, sembuse ya mjane aliyekuamini?

Basi aliyedhulumiwa asiogope. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, imeweka Kamati ya Mawakili, na ndani yake yumo Jaji wa Mahakama Kuu. Kamati inaweza kumwonya wakili, kumsimamisha, au kumfuta kwenye orodha ya mawakili. Peleka malalamiko kwa maandishi, pamoja na risiti na makubaliano yenu. Hiyo si fitna wala kusengenya. Maulamaa wameruhusu mdhulumiwa kumtaja aliyemdhulumu mbele ya mwenye uwezo wa kumpatia haki yake.

Na wewe wakili, ukifutwa kwenye orodha, deni la mjane bado liko shingoni mwako. Mtume (s.a.w.) ametufundisha habari ya muflisi: mtu atakayekuja Kiyama na swala na funga zake, kisha aliowadhulumu wagawiwe mema yake mpaka yaishe. Safu ya mbele haitamwokoa. Lipa leo, ungali hai.

Allah atujaalie waaminifu. Wabillahi tawfiq.