Tiba shufaa Bungu: tusisubiri msiba ndipo tuchange

Mtu akifariki katika vijiji vyetu vya Bungu, kila jambo lina utaratibu wake. Chama cha kufa na kuzikana kinafungua daftari, kila kaya inatoa fedha na mahindi, wanawake wanagawana kuteka maji, kutafuta kuni na kupika, vijana wanachimba kaburi. Hakuna anayeuliza nani afanye nini.

Miezi michache kabla ya hapo, marehemu huyo alikuwa mgonjwa ndani ya nyumba hiyohiyo. Aliumwa usiku, alihitaji kuogeshwa, kugeuzwa, kulishwa na kusikilizwa. Mara nyingi kazi hiyo yote ilimwangukia mwanamke mmoja: mke, mama, binti au mkaza mwana. Daftari la wakati ule halikuwepo.

Makala hii inaeleza kwa nini pengo hilo limekuwa kubwa zaidi tangu mwaka 2025, na ni msaada gani wa majirani unaoweza kuliziba.

Tiba shufaa na hospisi ni nini?

Tiba shufaa ni matunzo ya mtu mwenye ugonjwa mzito unaohatarisha maisha, kama saratani, UKIMWI uliofikia hatua mbaya, moyo au figo zilizoshindwa kufanya kazi. Lengo lake ni kupunguza maumivu, kichefuchefu, kukosa pumzi na hofu, na kuishika mkono familia. Haina maana kwamba mgonjwa amekatiwa tamaa. Inaweza kutolewa wakati matibabu mengine yanaendelea.

Hospisi ni huduma iliyopangwa mahsusi kwa ajili ya tiba hiyo. Baadhi ya hospisi zina vitanda vya kulaza wagonjwa, kama nyumba ya Kimbilio magharibi mwa Kenya. Lakini hospisi nyingi za Afrika Mashariki zilichagua njia nyingine. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda ikaanza Kampala mwaka 1993. Hapa Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza huduma hii mwaka 1999, na mkoani kwetu Tanga hospisi ya Muheza ilianza mwaka 2001 katika Hospitali Teule. Zote hizi ziliweka nguvu kubwa katika kumfuata mgonjwa nyumbani.

Sababu ni rahisi kuelewa. Kitanda cha hospisi kinahitaji muuguzi usiku na mchana, chakula, maji, mashuka na mtu wa kuyafua. Nyumba ya vitanda 10 inaweza kumaliza fedha ambazo zingewafikia wagonjwa wengi vijijini. Tena wagonjwa wengi wanapenda kumalizia siku zao kwao, karibu na watoto na migomba yao.

Kwa mtu wa Bungu, kufika Muheza ni kushuka mlima hadi Korogwe, kupita Segera, ndipo uelekee barabara ya Tanga. Wakati wa masika, mgonjwa mwenye maumivu hawezi safari hiyo kila wiki. Kwa hiyo, tupende tusipende, hospisi yetu ni chumba anacholala mgonjwa, na muuguzi wa zamu ni wewe mama unayesoma hapa.

Nini kimebadilika?

Kwa miaka mingi, huduma ya wagonjwa majumbani katika vijiji vya Tanzania ilikua pamoja na miradi ya VVU. Wahudumu wa majumbani walipata mafunzo, begi la vifaa na posho kidogo, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka Marekani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 2025 shirika lake la USAID lilifungwa rasmi. Posho ya mhudumu inapokoma, jambo la kwanza kupotea ni ile safari ya miguu ya kwenda kumwona mgonjwa wa kitongoji cha mbali.

Kwa upande mwingine, serikali yetu ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii tarehe 31 Januari 2024 jijini Dodoma. Lengo ni kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Hii ni habari njema, kwa sababu mhudumu huyu anatambulika na anaripoti kwenye kituo cha kutolea huduma.

Lakini tuhesabu kazi zake. Ana wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, lishe, chanjo, malaria, kifua kikuu na usafi wa mazingira. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona anahitaji muda mrefu, na anauhitaji mara kwa mara. Tusiposema neno, atakuwa wa mwisho kwenye orodha. Hata mhudumu akija kila wiki, hawezi kulala kwa mgonjwa, kukuchotea maji au kukupokea mtoto.

Tatizo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba ni asilimia 14 tu ya wanaoihitaji wanaoipata.

Majirani wanaweza kufanya nini?

Mfano unaofaa kutazamwa unatoka jimbo la Kerala, India, ambako nako kuna milima, mashamba ya chai na vijiji vingi. Kuanzia mwaka 1999, vikundi vya majirani huko vilianza kuwatunza wagonjwa wa maeneo yao. Aliyetaka kujitolea aliombwa atoe angalau saa mbili kila wiki, na alipewa mafunzo ya saa 16 pamoja na kwenda kwa wagonjwa akiongozana na wazoefu. Fedha nyingi zilitoka kwenye michango midogo ya wanakijiji wenyewe. Mwaka 2008 serikali ya jimbo ikapitisha sera ya tiba shufaa na kuiingiza huduma hiyo katika mfumo wake wa afya.

Mambo matatu yaliubeba mpango ule. Muda ulioombwa ulikuwa mdogo na unajulikana. Aliyejitolea alifundishwa. Na nyuma yake alikuwepo muuguzi na daktari wa kumwita. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, kujitolea kunachosha watu haraka, na mzigo unarudi kwa yuleyule aliyekuwa nao.

Hapa kuna hatari ya kuitazama kwa macho mawili. Neno "kujitolea" linaweza kugeuka kuwa jina jipya la kazi ya bure ya wanawake. Zamu ikipangwa kwa akina mama pekee, tumehamisha mzigo kutoka mgongo mmoja kwenda mingine iliyokwisha kuchoka. Wanaume wana kazi yao: kumgeuza mgonjwa mzito, kukata majani ya ng'ombe wa nyumba hiyo, kuchanja kuni, kufuata dawa kwa bodaboda, kukaa na mgonjwa mwanaume anayeona haya kuogeshwa na mkaza mwana wake. Wale wanaobeba jeneza wanaweza kubeba ndoo ya maji wiki sita kabla.

Kitu ambacho majirani hawawezi kukitoa

Upendo hauondoi maumivu makali ya saratani. Dawa ndiyo inayoyapunguza. Paracetamol inapozidiwa, mgonjwa huhitaji dawa yenye nguvu zaidi, na kwa maumivu makali zaidi dawa inayotegemewa duniani ni mofini ya maji inayonywewa kwa mdomo. Nchini kwetu Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, imekuwa ikiiandaa kutokana na unga na kuipeleka katika hospitali nyingine. Uganda ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2004 sheria yake inawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Hatua hiyo ilisogeza dawa karibu na wagonjwa wa vijijini, ambako daktari ni wa shida.

Mofini ikitumika kama ilivyoelekezwa kwa maumivu ya ugonjwa, haimfanyi mgonjwa kuwa teja na haiharakishi kifo. Kwa kawaida hupewa kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Hufunga choo, kwa hiyo uliza dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Ifungie mbali na watoto. Jirani asiongeze wala asipunguze kipimo kwa uamuzi wake.

Mgonjwa wako anapopewa ruhusa kurudi nyumbani, usitoke hospitali bila kuuliza: Atatumia dawa gani ya maumivu? Ikiisha nitaipata wapi? Nimpigie nani usiku? Nani katika zahanati yetu amepewa taarifa zake?

Jinsi ya kuanza katika kitongoji

1. Zungumza kwanza na mgonjwa. Aseme nani aingie chumbani kwake na nini kisisemwe nje. Anayejitolea lazima atunze siri, hasa kuhusu VVU.
2. Mshirikishe mhudumu wa afya wa kitongoji na mganga mfawidhi wa zahanati. Wao ndio watakaowaonyesha majirani jinsi ya kumgeuza mgonjwa, kumsafisha kinywa na kutumia glavu.
3. Pangeni zamu fupi zinazoandikwa. Watu sita, kila mmoja akitoa saa mbili kwa wiki, wanampa anayeuguza saa 12 za kulala, kwenda shambani au kukaa na wanawe.
4. Ombeni chama cha kufa na kuzikana kitenge sehemu ndogo ya mfuko kwa ajili ya mgonjwa aliye hai: sabuni, glavu, nauli ya kufuata dawa, unga wa uji. Misikiti na makanisa yetu yanaweza kuchangia mfuko huohuo.
5. Waulizieni watoto wa nyumba hiyo. Binti anayeacha masomo ili amuuguze mama yake anahitaji zamu hiyo kuliko mtu yeyote.

Kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mbadilishe upande kila baada ya saa mbili mchana, na usiku kadiri mnavyoweza, ili asipate vidonda vya kulala. Mloweshe midomo. Akikataa chakula siku za mwisho, usimlazimishe, kwa sababu mwili unapofunga kazi zake hauhitaji kula kama zamani.

Mwite mhudumu wa afya haraka ukiona:

- maumivu yanaendelea ingawa dawa imetolewa kwa wakati
- anahema kwa shida au amechanganyikiwa ghafla
- anatoka damu nyingi
- hajapata choo kwa siku tatu au zaidi
- anatapika dawa kila anapopewa
- wewe unayemuuguza hulali, unalia kila siku au unahisi huwezi tena

Dalili hiyo ya mwisho ina uzito sawa na nyingine. Anayeuguza akianguka, nyumba inakuwa na wagonjwa wawili.

Nyumba yenye vitanda inaweza kujengwa milimani siku moja, na itakuwa msaada mkubwa kwa mgonjwa asiye na ndugu. Hata hiyo itahitaji watu wa kufua, kupika, kukesha na kusimulia hadithi kando ya kitanda, na watu hao watatoka katika vitongoji hivihivi. Katika mkutano ujao wa chama chenu, ombeni jambo moja liandikwe kwenye ajenda: nani katika kitongoji chetu anauguza sasa hivi, na zamu ya kwanza ya kumsaidia inaanza siku gani.