Vinasaba Havina Mdomo

Liko neno limeingia katika mazungumzo yetu hapa Mpanda, sokoni na hata kwenye vikao vya ukoo, nalo limeingia kama mtawala: "Wakapime DNA." Likishatamkwa, mabishano hukoma. Binti kaacha shule kwa ujauzito na kijana anakana: wakapime. Baba anaitilia shaka sura ya mtoto: wakapime. Ndugu msomaji, mimi sina ugomvi na kipimo hicho. Ugomvi wangu ni na sisi tunaokisujudia bila kujua kimesema nini.

Sifa yake kipewe. Mwaka 1986 huko Uingereza, kijana mmoja alikuwa amekwisha kukiri kumuua msichana karibu na mji wa Leicester. Profesa Alec Jeffreys alipopima vinasaba, ikaonekana siye. Kipimo kilimwokoa mtu aliyekwisha kujitia kitanzi kwa mdomo wake mwenyewe, na mwuaji halisi akahukumiwa mwaka 1988.

Kwetu Katavi jambo hili si la hadithi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichoushinda mkoa wowote mwingine nchini wakati ule. Mwaka 2016 sheria ya elimu ikarekebishwa: anayempa mimba mwanafunzi afungwe miaka 30. Miaka thelathini! Kijana anaingia gerezani na ndevu changa, anatoka na mvi. Basi cheti kinachoweza kumpeleka huko yafaa kisomwe kwa makini.

Na cheti chenyewe husemaje? Kikikataa, hukataa kwa nguvu: alama za mtoto zisipolingana na za mwanamume huyo, na sampuli ikiwa safi, yeye si baba. Kikikubali, huleta namba, tuseme asilimia 99.99, na hapo ndipo tunapopotea. Namba hiyo humlinganisha mtuhumiwa na mwanamume mwingine asiye ndugu yake. Sasa, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki takriban nusu ya vinasaba vyao. Ikiwa kaka mtu naye alikuwa akimfuata binti yule, namba ile haimsemei. Lazima naye apimwe. Isitoshe, maabara nyingi duniani huanza hesabu kwa kudhani kwamba kabla ya kupima, uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Nusu hiyo haikutoka kwenye damu ya mtu. Imewekwa na mwenye kuhesabu. Nani kati yetu amewahi kuuliza?

Tena kipimo hakijui sampuli imepita mikono ya nani. Ujerumani, polisi walimsaka kwa miaka mingi mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana katika matukio karibu 40, pamoja na mauaji ya askari wa kike mjini Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikagundulika kwamba mhalifu huyo hakuwapo. Vinasaba vile vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda, vilivyobaki kwenye vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Ikiwa Ujerumani yaliwakuta hayo, sampuli ya Mpanda, inayosafiri mamia ya kilomita katika joto hadi maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, tusiiulizie lakiri na sahihi za waliopokezana?

Upotoshaji mwingine ni ule wa vijiweni. Katika miaka ya 2010 ilitangazwa kwamba karibu nusu ya wanaume waliopimwa hawakuwa baba wa watoto waliobishaniwa. Mara watu wakahubiri kwamba nusu ya watoto wa Tanzania si wa baba zao. La hasha! Waliopimwa ni wale waliokuwa na mashaka tayari. Nenda hospitali ukahesabu wenye homa, kisha useme nusu ya taifa lina homa! Kwa porojo hiyo, wake wangapi wametukanwa, na watoto wangapi wametazamwa kwa jicho baya?

Na wapo wanaokigeuza kipimo kuwa ngao ya uovu: "Hakuna DNA, basi hakuna ubakaji." Huo nao ni uongo. Mahakama yetu ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa. Watoto wa watu wasiambiwe kwamba neno lao si kitu mpaka lipigwe muhuri na maabara.

Sheria ya vinasaba ya mwaka 2009 haikumruhusu kila mtu ajiendee maabara. Ombi hupitia mahakama, wakili, ofisi ya ustawi wa jamii na wengineo waliotajwa. Ni vizuri. Lakini haitoshi cheti kirudi na namba tu. Hakimu na ndugu wa pande zote mbili waelezwe kwa Kiswahili cha kueleweka: nini kililinganishwa, na nani hakupimwa, na sampuli ilitunzwaje. Maoni ya mtaalamu ni ushahidi, si hukumu. Vinasaba havina mdomo. Husemewa na watu, na watu hao wana wajibu wa kuulizwa na kujibu.