Wimbo wa Kamaru na Madaftari ya Mwalimu

Ijumaa jioni nilipanda matatu mjini Eldoret kurudi nyumbani Kimumu. Dereva aliweka wimbo wa zamani wa Kikuyu, na mzee aliyeketi kando yangu akatabasamu. "Huyo ni Kamaru," akaniambia. "Na huo ni ule wa mwalimu na mwanafunzi."

Tabasamu hilo sikuweza kulirudisha.

Nilipokuwa darasa la saba, mwalimu mmoja alinizoesha kumpelekea madaftari nyumbani kwake jioni. Siku moja alifunga mlango. Nilipiga kelele, akaufungua, nikatoka mbio. Nilipomweleza mama, alinijibu, "Nyamaza, mwanangu. Mwalimu hasemwi." Nami nikanyamaza.

Kumbe alikuwako mtu aliyeyasema hayo hata kabla sijazaliwa! Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, Murang'a, mwaka wa 1939, alifika Nairobi mwaka wa 1957 akafanya vibarua hadi akajipatia gitaa. Katika miaka ya 1960 alitoa "Ndari ya Mwarimu", wimbo wa kuwakemea walimu wanaowataka wanafunzi wao kimapenzi. Walimu walighadhabika, na chama chao kikataka upigwe marufuku. Lakini watu waliununua, wakauimba.

Hakuishia hapo. Machi 1975 mbunge J.M. Kariuki alipouawa, Kamaru alimtungia wimbo wa maombolezo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa karibu na Rais Jomo Kenyatta. Urafiki huo ukaingia doa. Baadaye, utawala wa Rais Moi nao ulimtazama kwa jicho baya alipounga mkono vyama vingi. Mwaka wa 1993 aligeukia nyimbo za injili, na akafariki Nairobi Oktoba 2018.

Simlaumu mama. Enzi zake, mzazi maskini angemshtaki mwalimu kwa nani? Hata hivyo, huwa najiuliza: baada yangu, ni msichana gani aliyetumwa na madaftari yale?

Nilipofika nyumbani nilimwita binti yangu jikoni nikamhadithia yote. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mama, na mimi nikikuambia jambo kama hilo, utaniamini?"

Mzazi mwenzangu, swali hilo lijibu mapema, kabla mwanao hajapata sababu ya kukuuliza.