Watungaji na vitabu vyao: Flannery O'Connor

Kuchunguza maisha na kazi ya mtungaji si kukariri siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Ni kuweka maisha yake upande mmoja na maandiko yake upande wa pili, kisha kutazama kama vinapatana. Leo tumemchagua mwanamke wa Marekani, Mkatoliki kama sisi, ambaye kwake kazi hiyo si nyepesi.

Flannery O'Connor alizaliwa Savannah, katika jimbo la Georgia, tarehe 25 Machi 1925, sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari. Huko kusini Wakatoliki walikuwa wachache kati ya Waprotestanti wengi. Baba yake alikufa mwaka 1941 kwa ugonjwa wa lupusi, ambao huzifanya nguvu za kuukinga mwili ziugeukie mwili wenyewe. Binti alimaliza chuo, akaenda kujifunza utunzi katika Chuo Kikuu cha Iowa. Alipokuwa na miaka 25, ugonjwa uleule ukamshika. Ndipo akarudi kukaa na mama yake katika shamba la Andalusia, karibu na mji wa Milledgeville.

Hapo alifuga tausi, na miaka ya mwisho alitembea kwa magongo. Kila asubuhi alikaa mezani saa chache kuandika. Mwaka 1958 alihiji Lourdes pamoja na mama yake. Alitoa riwaya mbili, ya kwanza Wise Blood mwaka 1952, na hadithi fupi zipatazo thelathini. Wala hakudharau kazi ndogo: katika magazeti ya Kikatoliki ya kwao aliwaeleza waamini habari za vitabu zaidi ya 100. Alifariki tarehe 3 Agosti 1964, mwenye miaka 39.

Hadithi zake si tamu. Ndani yake mna wauaji, wadanganyifu na wenye kiburi. Lakini neema ya Mungu huwajia wasipoitazamia, mara nyingi kwa pigo. Tutoe mfano wa Revelation, hadithi ya mwaka 1964. Bibi Turpin, mzungu mwenye shamba, amekaa katika chumba cha kumngojea mganga. Moyoni anawapanga watu kwa vyeo: weusi na wazungu maskini chini, watu kama yeye juu yao, naye anamshukuru Yesu kwa kumwumba alivyo. Ghafula msichana mmoja anamrushia kitabu usoni na kumtukana. Jioni, amesimama penye zizi la nguruwe, anamlalamikia Mungu. Kisha anaona kama daraja kubwa toka duniani mpaka mbinguni, na roho nyingi zikipanda. Wale aliowadharau wametangulia. Watu wa namna yake wako nyuma kabisa, na hata sifa walizojivunia zinaunguzwa.

Tungependa kuishia hapo, lakini ukweli hauturuhusu. Barua zake, zilizotolewa baada ya kifo chake, zaonyesha kwamba yeye mwenyewe alisema maneno ya kuwadharau watu weusi. Mwaka 1959 alikataa kuonana na mtungaji mweusi James Baldwin katika Georgia, kwa kufuata desturi ya kwao ya kutenga rangi. Alisema New York ingewezekana. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Loyola cha Maryland, cha Wayesuiti, kiliondoa jina lake kwenye nyumba ya wanafunzi, kikaweka jina la Sista Thea Bowman, mtawa mweusi Mfransisko.

Sisi Waafrika tuseme nini? Wengine watasema tumtupe. Wengine watasema tuifunike aibu hiyo, kwa kuwa ni Mkatoliki mwenzetu. Sisi twaona njia zote mbili hazifai. Kufunika ni kusema uwongo, na Kanisa halihitaji uwongo ili lipendwe. Kutupa ni kujinyima ushahidi mkubwa: mwanamke huyu aliijua dhambi ya Bibi Turpin kwa ndani, akaiandikia hukumu, na hukumu hiyo inamwangukia yeye pia. Kalamu yake ilifika mahali ambapo miguu yake haikufika.

Nasi tunajua sana kupanga watu: kabila hili juu, lile chini, mwenye nyumba ya matofali mbele, mwenye nyumba ya udongo nyuma. Wazazi, watoto wetu hujifunza mpango huo wakitusikiliza tunapokula. Nanyi wanafunzi, mkipewa kazi ya kumchunguza mtungaji, andikeni mema yake na mabaya yake kwa wino uleule. Kisha kila mmoja ajiulize: katika msafara ule wa kwenda mbinguni, ni nani niliyemweka nyuma yangu?