Bujumbura: Kibali huuangalia mti, nani humwangalia mkataji?

Msimu wa mvua unapokaribia mjini Bujumbura, wenye nyumba huanza kuitazama kwa wasiwasi miembe na mikaratusi mikongwe iliyoinamia mapaa na nyaya za umeme. Wanaoitwa kuiangusha aghalabu ni vibarua wawili au watatu wenye msumeno wa mnyororo unaotumia petroli, ambao Warundi wengi huujua kwa jina lake la Kifaransa, tronçonneuse. Kwa dakika chache humaliza kazi ambayo shoka lingeifanya kwa nusu siku.

Tatizo ni kwamba mara nyingi msumeno huo humfikia mkataji peke yake, bila kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, wala mafunzo.

Burundi ina sheria ya misitu iliyorekebishwa Julai 2016, na tangu 2018 imekuwa ikiendesha kampeni ya upandaji miti iitwayo Ewe Burundi Urambaye. Katika nchi ambayo mkaa na kuni ndiyo nishati ya jikoni kwa karibu kila kaya, ulinzi huo wa miti unaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba mkataji huulizwa kwanza kama ameruhusiwa kuukata mti. Kama anajua kuukata bila kujiua, ni nadra kuulizwa.

Hatari yenyewe haina fumbo. Mnyororo hukimbia kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba linaloongoza mnyororo ikigusa tawi au gogo jingine, msumeno wote huruka juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeushika, kabla hajawahi kufikiri. Ndiyo sababu msumeno hushikwa kwa mikono miwili, haunyanyuliwi kupita mabega, na breki ya mnyororo haifungwi kamba wala kung'olewa kwa kuwa "inasumbua". Suruali maalumu ya kazi hii ina nyuzi nyingi ndani ambazo hunasa mnyororo na kuusimamisha. Suruali ya kawaida huchanika tu.

Mti nao una kanuni zake. Kwanza hukatwa pengo upande unaotakiwa kuangukia, lenye kina cha kama robo ya unene wa shina. Kisha hukatwa kutoka nyuma, lakini si mpaka mwisho: huachwa ukanda wa mbao kama sehemu moja ya kumi ya unene huo, unaofanya kazi ya bawaba na kuuongoza mti. Anayeukata wote hana tena uwezo wa kuamua utaangukia wapi. Njia ya kukimbilia husafishwa kabla ya injini kuwashwa, na watazamaji hukaa umbali usiopungua urefu wa mti mara mbili. Katika vichochoro vya Buyenzi au Kamenge, umbali huo haupo. Huko mti hushushwa kipande kwa kipande kwa kamba, kazi inayotaka ujuzi zaidi.

Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeongeza hatari nyingine. Aliyepata lita moja ya petroli kwa taabu hushawishika kuihifadhi katika chupa ya plastiki na kujaza tangi injini ikiwa bado moto. Hushawishika pia kubana oili ya mnyororo, na mnyororo mkavu hupata joto na unaweza kukatika.

Lakini zaidi ya petroli, kinachomsukuma mkataji ni bei. Analipwa kwa mti, si kwa saa. Mwenye nyumba anayepunguza malipo hadi ya chini kabisa ananunua, pengine bila kujua, haraka na uchovu. Na mguu ukikatika, taasisi ya hifadhi ya jamii, INSS, hufidia ajali za kazini za waajiriwa waliosajiliwa. Kibarua wa siku moja kwa kawaida hayumo.

Mwaka 1998 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa mwongozo wa usalama katika kazi za misitu, likisisitiza kwamba waendesha misumeno wapewe mafunzo na ujuzi wao uthibitishwe. Kwa Bujumbura, pa kuanzia pasingehitaji sheria mpya wala fedha nyingi: mistari miwili zaidi kwenye fomu ya kibali, mmoja wa jina la atakayeshika msumeno, mwingine wa vifaa atakavyovaa.