Asali na Kiwele: Tusimwachie Mfugaji Majaribio

Mfugaji wa Sigi, chini ya msitu wa Amani, aghalabu hana kundi la ng'ombe. Anao mmoja au wawili wa maziwa, wamefungwa bandani, na majani huletwa kwa kichwa. Kiwele kikivimba na maziwa yakatoka na mabonge, zinazopotea ni fedha za chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Hatuna haki, basi, ya kumcheka anapokimbilia asali. Wazee walitibu vidonda kwa asali kabla ya maabara kuwapo, na sayansi imewaunga mkono. Asali halisi ina sukari nyingi na maji machache, kwa kawaida chini ya asilimia 20, nayo huwanyonya vijidudu maji. Ina uchachu, tena ikikutana na majimaji ya kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ya kusafishia vidonda. Stafilokokasi, mmoja wa vijidudu wakuu wa ugonjwa wa kiwele, amekwisha kuonekana maabarani akishindwa na asali.

Lakini kisahani cha maabara si kiwele. Ndani ya kiwele asali huchanganyika na maziwa, ikapungua nguvu. Asali mbichi huweza kubeba mbegu za vijidudu vingine, ndiyo maana ile ya hospitali husafishwa kwa mionzi. Na kuichemsha huharibu sehemu ya nguvu zake. Ile ya sokoni iliyotiwa sukari guru tusiitaje. Kuipaka juu ya ngozi ya chuchu iliyopasuka ni jambo moja. Kuisukuma ndani ya chuchu kwa bomba la sindano ni kukaribisha ugonjwa wa pili.

Hata hivyo, dawa za dukani nazo zina madhila yake. Hununuliwa bila ushauri, dozi haimalizwi, na maziwa huuzwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye pakiti kupita. Vijidudu huwa sugu, na mtoto hunywa dawa asiyoandikiwa.

Tanga ina kituo cha utafiti wa mifugo, na Morogoro kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Hapana budi asali ya Usambara, pamoja na ile ya nyuki wadogo wasiouma, ipimwe huko kwanza, si kwa ng'ombe pekee wa mnyonge. Na bwana mifugo anayesubiri masika yaishe ndipo apande Amani, asishangae kukuta chupa ya asali imemtangulia bandani. Apande sasa, akafundishe yale yasiyohitaji utafiti: mikono ioshwe, kila ng'ombe awe na kitambaa chake safi, na aliye mgonjwa akamuliwe mwisho.