Magofu ya Kilwa: Ibra au Mchezo?

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.), na tunamuomba ampe rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, tulipotangaza kuwa likizo hii tutawapeleka wanafunzi wakubwa wa madrasa Kilwa Kisiwani, baadhi ya wazee wetu walisimama baada ya swala wakasema kuwa kutazama magofu ni upuuzi wa watalii. Wengine walizidisha wakasema ni haramu. Lakini wazee hao hao hawatamki neno vijana wanapojazana ufukweni siku ya Idi, wala jamaa zao wanapofunga safari ya Dubai kwenda kutazama maduka. Kwa kuwa jambo hili limesemwa hadharani, tunalijibu hadharani.

Hoja yao ya kwanza ni Hadithi inayokataza kufunga safari isipokuwa kwenda misikiti mitatu. Hadithi hiyo ni sahihi, nasi twaikubali. Lakini inamhusu mtu anayekusudia mahali fulani kwa kuamini kuwa ibada ya hapo ina fadhila maalumu. Haimzuii mfanyabiashara kwenda sokoni, wala mwanafunzi kumfuata mwalimu wake. Sisi hatuendi Kilwa kutafuta baraka za makaburi. Twaenda kusoma.

Hoja ya pili ni kwamba Mtume (S.A.W.) alipopita kwenye makazi ya Thamud aliwakataza Maswahaba wasiingie ila wakiwa wanalia. Hilo nalo ni kweli. Lakini Thamud ni kaumu iliyoangamizwa kwa adhabu, ilhali watu wa Kilwa walikuwa Waislamu wenye kuswali na kufunga. Anayewafananisha na Thamud amewadhulumu wazee wake mwenyewe. Tunachokichukua katika Hadithi hiyo ni adabu: asiingie mtu kwenye mabaki ya waliotangulia kwa kicheko na mzaha. Ama kutembea ardhini ili nyoyo zipate kufahamu, hilo limetajwa katika Suratul Hajj, aya ya 46.

Je, kuna nini cha kufahamu Kilwa? Kuna Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale ni ya karne ya 11 au ya 12, na ambao Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua katika karne ya 14. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, una nguzo, matao na kuba, na mihrab yake inaelekea kaskazini, kibla chetu sisi watu wa pwani. Na kando ya mji, juu ya jabali linalotazama bahari, yapo mabaki ya Husuni Kubwa, kasri ya Sultani huyo huyo, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe nane. Waliolichunguza jengo hilo wanaona kuwa halikukamilika, na kwamba lilihamwa mapema.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa katika zama za Sultani huyo. Hakutuachia maelezo ya kasri. Alichosimulia ni kuwa siku moja ya Ijumaa Sultani alipokuwa akitoka kuswali, fakiri mmoja kutoka Yemen alimuomba nguo alizozivaa, naye akarudi akazivua akampa. Kasri imebaki kuta zisizo paa. Sadaka ya nguo yasimuliwa hadi leo, baada ya takriban miaka 700. Ni mawaidha gani ya mimbari yatakayomfunza kijana jambo hili kama kusimama baina ya majengo hayo mawili?

Hata hivyo, hatuwaungi mkono wanaokwenda kwa mchezo. Wapo Waislamu wanaopanda juu ya mihrab ili wapigwe picha, wanaochonga majina yao kwenye kuta, wanaopiga muziki ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kusujudu. Na wapo wanaozunguka mbuyu kwa kuambiwa kuwa watazidishiwa umri. Hiyo ya mwisho si utalii, ni ushirikina.

Lakini aibu kubwa zaidi ni yetu sisi walimu. Aliyechimba Kilwa akaiandikia vitabu viwili vikubwa, vilivyotoka mwaka 1974, ni Mwingereza, Neville Chittick. Tarehe ya masultani wake iliandikwa kwa Kiarabu katika Kitab as-Sulwa, na nakala yake imehifadhiwa London. Sisi tuliokaa miaka mingi tukisoma nahau na balagha, ni wangapi kati yetu tumeifungua?

Na ujinga huu una gharama. Katika mji mmoja wa pwani tumeshuhudia mihrab kongwe ya matumbawe ikivunjwa kwa nyundo, pakabandikwa vigae vya dukani, na watu wakatoa takbiri. Aliyeshika nyundo hakuwa adui wa dini. Alikuwa mwenzetu, mtu wa islahi, aliyedhani kuwa kila cha kale ni bidaa. Hakuna aliyewahi kumfundisha kutazama. Bidaa huondolewa katika ibada, haiondolewi kwa kuvunja kazi ya mikono ya waliotujengea misikiti.

Kwa hiyo safari yetu ipo pale pale. Wanafunzi watasoma kwanza habari za mji huo, ndipo wavuke kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Watavaa kwa stara, hawatagusa kuta, na watawaombea dua waliokufa bila kuwaomba wao. Wakirudi, kila mmoja ataandika alichokiona na alichokifahamu.

Wazee wetu tunawaheshimu, na nafasi katika mashua zipo. Waje nasi, kisha watuhukumu.

Wabillahi tawfiq.